Sehemu ya Pili

Shilingi elfu mbili tulilipa, mimi na Ezaruku wangu,
katika kibanda cha filamu nyuma ya soko la Arua,
tukakalia lile benchi lenye msumari
ili tumtazame Jenerali wa Chuma.
Bango lake lilikuwa limetutumbulia macho wiki tatu,
na mimi, mshona sare za shule mwenye deni la uzi,
nikasema: haya, na tuone.

Tukaona.
Majumba yaliporomoka, moja juu ya jingine,
watu elfu wakafa, hakuna aliyezikwa.
Jenerali akaruka kutoka ndege inayoungua,
akatua, shati limenyooka pasi.
Mimi nashona mashati. Najua shati linavyokuwa
mtu akibeba gunia la muhogo kutoka Kuluva tu.
Mkewe alitekwa dakika ya tano,
akaokolewa dakika ya tisini,
na katikati hakuna aliyeuliza alikula nini.

Drani, mfasiri wetu, alijitahidi, maskini.
Ulimi wake haujui kupumzika:
alimpa jenerali shangazi huko Koboko,
akampa adui meno ya kukodi,
tukacheka, naam, lakini tulimcheka Drani.
Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga.
Hawakusema tulipe kulisikiliza.

"Mbona nzuri?" akasema Ezaruku njiani.
"Mabomu yalisikika vizuri."
Sikumjibu. Ndoa ya miaka kumi na minane
humfundisha mtu pa kutema na pa kumeza.

Ijumaa iliyofuata, zamu yangu kuchagua.
Nikachagua Nitunzie Kiti, sehemu ya pili.
Najua mnavyosema: sehemu ya pili
ni chai ya majani yaleyale, maji yameongezwa.
Hata mimi niliogopa.
Ile ya kwanza niliiona nikiwa na mimba ya Ayikoru;
wale wawili wakaachana kwenye stesheni ya treni,
mwanamume akasahau kofia yake kwenye kiti,
na miaka tisa nimetembea
na kofia ile kichwani mwangu.

Sasa wamerudi.
Bibi ana miwani, na mvi, na goti bovu la kushoto.
Bwana amenenepa. Hakuna anayekimbia mvuani.
Wanakutana jikoni kwa dada wa bibi, bomba linavuja,
bwana anapiga magoti na spana,
anafungua, anafunga, anafungua,
dakika nne nzima, hakuna neno,
bibi amemshikia taa.
Taa inatetemeka kidogo. Basi.

Na Drani, Drani yule,
akanyamaza.
Tukageuka tukidhani maikrofoni imekufa.
Alikuwa ameishika kifuani
kama mtu ashikavyo kofia msibani.
Jenereta ikanguruma nje, mtoto akakohoa,
na kibanda kizima, waendesha boda na wauza samaki wakavu,
kikasikiliza tone.

Kasoro zipo, sifichi.
Muziki wa mwisho mrefu kama foleni ya hospitali,
na yule dada anacheka mno.
Lakini ichomeni dunia nzima mbele yangu, nitapiga miayo;
nionyesheni mkono unaosubiri spana,
nami nitauza cherehani ninunue tiketi.

Ezaruku? Alikuwa amelala tangu mwanzo,
kichwa begani kwangu, kizito kama jora la kaki.
Kwenye bomba akaamka.
"Anageuza upande siyo," akaninong'oneza,
kisha akatazama mpaka majina yakaisha.

Jumamosi asubuhi nikasikia nyundo.
Mlango wa uani, nilioulalamikia tangu mvua za mwaka juzi:
yupo chini yake, misumari mdomoni, haniangalii.
Nikaiacha sare ya mtoto wa watu kwenye sindano,
nikaenda kumshikia ubao.

Sasa unafunga.
Ila kuufungua, mpaka uupige teke.